Mkebe wa Robo Mbili

Pale Mowlem, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, kwenye kona ambapo lami inachoka na kuyaachia mawe kazi, kuna ubao umelazwa juu ya mawe mawili ya mjengo, na ubao huo ndio bunge, mahakama na zahanati ya wazee wa mtaa. Jioni Asenath huwasha jiko lake la makaa hapo kando, akabandika birika la kahawa ya tangawizi, na kabla halijachemka wenye ubao wameshafika. Kuna Zakariye wa duka la vyombo, ambaye wote humwita Jumla, kwa sababu hata ukimwomba kijiko kimoja atakuuliza kama hutaki dazeni. Kuna Johnson, fundi wa televisheni tangu enzi za kupanda juu ya paa kugeuza mabomba ya antena. Huyo ni Antena, na ingawa televisheni za siku hizi ni bapa kama chapati na kazi imemkimbia, habari bado anazinasa, za kweli na za kubuni. Halafu kuna Wahome, mwashi mstaafu, aliyebandikwa jina la Pimamaji maana hawezi kukaa kwenye ule ubao bila kwanza kuinama na kuukagua kama umelala sawa. Jioni hiyo ya Alhamisi Pimamaji alikuwa ameshika sindano mbili za kufuma na uzi wa kijivu mapajani. Hakuna aliyeshangaa. Kushangaa walikuwa wamekumaliza zamani, siku ya kwanza alipokuja nazo.

— Leo unapandisha ghorofa gani? Antena aliuliza, akipuliza kikombe chake.

— Lile la pembetatu, la vioo. Hii ni ya kushikia sufuria. Ndiyo ya mwisho.

— Hiyo ni pembetatu? Mimi naona sambusa.

— Wewe macho yako yaliharibiwa na TV, bana.

Jumla alikinyakua kile kipande, pamoja na sindano zake, akakigeuza huku na huku.

— Pimamaji, hii kitu ni safi. Nifumie dazeni kumi. Walai nikining'iniza mlangoni, wamama wa Kayole wote watakuja.

— Si ya kuuza.

— Basi dazeni mbili.

— Jumla, nimekwambia ni ya jikoni kwa Mama Jacklyne. Rudisha, utaangusha mishono.

Huyo Mama Jacklyne, Mukami kwa jina lake, ndiye aliyemfundisha Wahome kufuma. Presha ya macho ilipoanza kumfungia dirisha polepole, alikuwa na vitambaa vya makochi vya watu ambavyo hajamaliza. Akamkalisha mumewe kando yake, akamtia sindano mikononi, akamwambia: "Wewe si umejenga ukuta maisha yako yote? Hii pia ni kozi juu ya kozi, safu juu ya safu." Wahome akacheka, halafu akaona ni kweli. Kishikio chake cha kwanza alikifuma kwa uzi wa nailoni, kikayeyukia kwenye sufuria, nyumba ikanuka kama bodaboda imeungua ndani. Tangu hapo hununua sweta za pamba za mitumba, akazifumua na kuanza upya.

Siku hizi Mukami haoni kitu ila mwangaza wa mlangoni, na bado hajakubali mtu mwingine apike nyumbani kwake. Lakini majuzi alishika mkebe ambao sio aliotaka, akageuka kutafuta mwingine, na mkono ukagusa sufuria ya moto. Binti yao Jacklyne akaona bendeji kwenye simu ya video. Hakupayuka. Alisema tu kwamba Jumamosi anakuja na begi. Mama atakaa naye Komarock, nyumba ya chini, hakuna ngazi, kuna msichana wa kupika.

Komarock si ng'ambo, hata kwa miguu unafika. Umbali haukuwa shida. Wahome alimjua mke wake: mkalishe kwenye kochi la mtu kutwa nzima, umletee chai kama mgeni, utamkuta amenyauka. Na yeye mwenyewe, kusema ukweli, aliiogopa ile nyumba bila kelele za mifuniko. Angerudi jioni akute kimya, ale mkate. Ndiyo maana alikuwa anafuma kama anayekimbizwa. Mkebe wa chumvi, wa sukari, wa majani ya chai, chupa ya chai, kila kimoja alikivisha sweta yake, na kila sweta ina jumba lake, ghorofa mpya za mjini alizomwagia zege yeye mwenyewe, zimenyanyuliwa kwa nundu na mistari ili Mukami azisome kwa vidole. Jacklyne akifika akute jikoni hakuna neno. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na kijiwe kizima kiliijua.

— Sikizeni niwaambie siri ya huu mji, Antena alisema. Haya majengo mapya yote yaliibwa jikoni.

— Yaliibwa aje?

— Angalia vizuri siku ukienda tao, katikati ya mji. Kuna moja ni chupa ya chai kabisa, mpaka kifuniko. Kuna ingine ni sufuria zimepangwa, kubwa chini, ndogo juu. Na kuna ile iko na matundu mwili mzima, hiyo si ni ile chombo ya kukwaruza karoti? Mchoraji anakunywa chai, anaangalia meza, anachora. Sasa Pimamaji hapa hafumi. Anarudisha mali ya wizi.

Asenath alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa, jiko likamfokea.

— Wacha hayo, Jumla alidakia. Mimi nauza vyombo, mimi ndio najua. Ghorofa zinarefuka kwa sababu jikoni zimekuwa ndogo. Zamani mtu alikuja dukani kununua sufuria ya kulisha ukoo. Siku hizi anakuja na kamba ya kupimia, anauliza kama itapita kwa mlango. Sasa nikuulize, hiyo nafasi walikata kwa jikoni zetu walipeleka wapi?

— Wapi?

— Juu! Zile ghorofa unaona ni jikoni zetu zimepandana.

— Kule kwetu jikoni ilikuwa kubwa, Wahome alisema, bila kuinua macho.

Aliposema "kule kwetu" Antena akatikisa kichwa taratibu. Wale wawili waliishi laini moja, safu ya nyumba za kaunsili ya jiji, kabla zile laini hazijabomolewa na wao kutawanyika, huyu Mowlem, yule pia Mowlem, wengine hawajulikani. Jumla yeye alitokea Eastleigh, akawa mgeni kwenye kumbukumbu zao, lakini alipenda kuzisikiliza.

— Sakafu nyekundu, Antena alisema. Mama Jacklyne akiipiga polishi, unateleza mpaka kwa jirani.

— Na ukifika kwa jirani unapewa sahani ya githeri, Wahome alidakia.

— Na wewe Antena ukiwa juu ya paa siku ya mpira, Wahome aliendelea, na sasa alikuwa anatabasamu. Laini nzima iko chini inapiga kelele: hapo! hapo! wacha hapo! umeharibu!

— Nilikuwa nawaharibia makusudi mkininyima chai.

— Kumbe!

— Na Mama Jacklyne, bibi yako huyu, ndiye alikuwa ananiletea. Aki yule mama. Anapitisha kikombe kwa dirisha, mimi nashuka nusu ngazi.

Gari la takataka likapita kuelekea jaa la Dandora, wakasubiri kelele zake ziishe.

— Mnajua shida ya zile nyumba? Antena alisema. Zilijengwa na mawe. Zingefumwa, saa hii tungekuwa nazo.

— Ameanza.

— China wanafuma nyumba, Jumla. Nimeona kwa simu. Mashine inashuka namna hii, inapanda namna hii, jioni keja iko tayari na ngazi zake. Sasa wakikwambia hama, unabishana na nani? Unatafuta uzi wa mwisho pale nyuma ya mlango, unavuta. Ukuta unashuka. Jikoni inashuka. Choo inashuka. Unakunja donge lako kubwa la uzi, unaweka kwa gunia, unaenda kufuma mahali pengine.

— Na mvua ikinyesha? Asenath aliuliza.

— Inarowa. Unaanika.

— Na panya?

— Panya pia unabeba, si ni wako?

Walicheka, Jumla akajipiga mapaja. Halafu kicheko kikaisha vibaya, kama vile kinavyoisha kwa watu wazima, kila mmoja akitazama mahali pake. Wahome alijikuta anauvuta uzi kidogo, bila sababu. Alikuwa anafikiria angeanza na chumba gani. Antena mwenyewe, mwenye hadithi, alikuwa anajifuta jicho na kusingizia moshi.

— Asenath, ongeza kahawa, alisema kwa sauti nzito.

Asenath aliinamisha birika, kikadondoka kipande cha tangawizi.

— Imeisha, wazee. Leo mmeongea sana.

Ndipo walipoisikia fimbo. Mukami alikuwa anakuja kando ya ukuta wa mabati, mkono mmoja umegusa mabati, mwingine umeshika fimbo, na begani kikapu. Tangu wahamie Mowlem hakuwahi kufika kwenye ubao ule. Jumla aliruka kumpisha kama aliyekalia msumari, na Wahome akaficha kile kishikio chini ya koti, asijue hata anamficha nani.

— Kaeni tu, Mukami alisema. Sikuja kufukuza mtu. Asenath, uko?

— Niko, mama. Habari ya jioni.

— Nzuri. Nimesikia kahawa yako huisha mapema, nimewaletea chai.

Akaitoa chupa ya chai kikapuni, imevaa ghorofa yake ya mistari kutoka shingoni mpaka chini. Asenath akamimina vikombe vinne. Chai ilikuwa nzuri ya kutazama, maziwa ya kutosha, rangi ya udongo wa Kangundo Road. Jumla akavuta kwa nguvu, kama anavyokunywa siku zote. Macho yakamtoka. Antena akanywa, akakiangalia kikombe, akaangalia mbinguni. Asenath akanywa, akashusha kikombe polepole na kuanza kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Wahome alikunywa wa mwisho. Ilikuwa chumvi, si kidogo, chumvi ya mkono mkunjufu wa mtu anayedhani anatia sukari.

— Chai iko aje? Mukami aliuliza.

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu, la kila nyumba, la kila siku. Na ule ubao uliokuwa na jibu la China, la wachoraji wa ghorofa na la jikoni zilizopandana, ukainamia vikombe.

— Iko... ina nguvu, walai, Jumla alisema.

— Nguvu ya nini?

— Ya... chai.

— Johnson?

— Mimi nimeungua ulimi kidogo, Mama Jacklyne. Sisikii vizuri.

— Umeungua ulimi masikio yakaziba?

Wahome alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akisema ukweli, basi yeye ndiye amempa Jacklyne begi, mbele ya mashahidi. Akisema iko sawa, Jumamosi Jacklyne atamiminiwa chai hii hii kwenye kikombe, na hapo hakutakuwa na la kusema. Alimeza mate, nayo yalikuwa na chumvi. Aliumia, na aliona haya kuumia mbele ya watu.

— Baba Jacklyne, nimeuliza.

— Ina chumvi, Mukami.

Mukami alishusha pumzi ndefu, akatafuta ubao kwa fimbo, akakaa.

— Asante. Nilidhani nitazeekea hapa nikingoja.

— Ulijua? Wahome aliuliza.

— Nilionja nikiwa jikoni.

— Sasa mbona umetunywesha? Antena alilia.

— Nilisikia kuna kamati ya jikoni yangu inakaa hapa kila jioni, na mwenye jikoni hajaalikwa. Nikaona wacha kamati ionje kazi yake.

Asenath alijifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka. Mukami akaivua chupa sweta yake, akamwekea mumewe mapajani.

— Hii ni nini?

— Ni lile jumba la mwisho kujenga, kabla nistaafu. Nilikusimulia. Lina mistari mirefu mbele, na juu lina...

— Lilijengwa kabla macho yangu yafunge, ama baada?

Wahome akaanza kuyapita majumba kichwani moja moja, la chumvi, la sukari, la majani, hili la pembetatu lililo chini ya koti. Baada. Yote ni baada. Mtu anayepima hata ubao wa kukalia hakuwa amepima hilo.

— Kwa vidole vyangu yote ni mistari, Mukami alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. Chumvi mistari, sukari mistari. Unanisimulia usiku, naitikia, kwa sababu unasimulia vizuri na nimezoea sauti yako. Sikutaka kukuvunja moyo. Lakini Jacky anakuja Jumamosi, na mimi sitaki kwenda. Sijakwambia hivyo. Nakwambia sasa.

Asenath alishusha leso.

— Mimi nyumba niliyoiona nikaijua ni ile yetu ya kaunsili, aliendelea. Mnakumbuka ukuta wa jikoni, ule wa matofali yenye matundu, ya kuingiza hewa?

— Kabisa, Antena alisema. Hata kwangu ulikuwa hivyo.

— Matundu yalikuwa ya umbo gani?

— Almasi.

— Mraba, Wahome alisema.

— Almasi, Pimamaji! Niliyatazama miaka yote!

— Mimi ni mwashi, utaniambia nini? Mraba!

— Nyinyi mlikuwa mnaangalia chakula, Mukami alisema. Akauchukua mkono wa mumewe, akaukunjua, akachora kwa kidole kiganjani mwake huku akieleza. Tofali moja lilikuwa na robo ya duara, hapa pembeni. Peke yake halina maana. Ukiweka manne pamoja, robo kwa robo, ua linatokea. Sasa unaona?

Wahome aliona. Aliona na moshi wa jioni ukitoka kwenye yale maua, na mwanga wa taa ya mafuta siku stima ikipotea, maua ya mwanga yametapakaa uani na Jacklyne mdogo akiyarukaruka.

— Ni kweli, alisema. Aki ni kweli.

— Basi nifumie hayo. Chumvi robo moja. Sukari robo mbili. Majani tatu. Na kishikio cha sufuria nipe ua zima, na matundu yake.

— Tundu tena? Asenath alishtuka. Mama, si utaungua mkono mwingine!

— Tabaka mbili, Wahome alijibu, na mwashi alikuwa amerudi ndani yake, mgongo umenyooka. Chini nafuma mzima, mzito. Juu yake nafuma ukuta wa matundu, nashona pembeni. Moto haupiti.

Akatoa kile kishikio chini ya koti, akachomoa sindano, akauvuta uzi. Jumba la pembetatu likaanza kushuka kozi kwa kozi mapajani mwake.

— Walai, Jumla alisema kwa huzuni, ghorofa nzuri hivyo.

Mukami alinyoosha mikono, akaupokea uzi na kuanza kuukunja donge, kama walivyofanya jioni nyingi.

— Unajua kwa nini najua lile umbo? alimwambia mumewe chini chini, ingawa ubao mzima ulisikia. Lile tundu la chini kabisa lilikuwa linaangalia njia. Nikipika nilikuwa nakuona ukitoka kazini. Si wewe mzima, viatu tu, vyeupe kwa simiti. Nikiviona, nabandika maji ya ugali.

Wahome alivuta pua, akaendelea kufumua.

Jumamosi jioni ubao ulijaa mapema. Gari la Jacklyne lilikuwa limesimama mbele ya geti la kina Wahome, hatua chache kutoka pale, tangu mchana. Antena aliliona begi likiingia, jekundu, la magurudumu. Wahome hakutaka kukaa ndani kama anayelinda kitu, akaja kijiweni, akasahau hata kuukagua ubao. Vidole vilimuuma, ua la mwisho alilimalizia asubuhi hiyo. Asenath alikuwa hajamimina kahawa, ati birika lisifanye kelele.

Geti likafunguka. Wote wakainua shingo. Jacklyne alitoka peke yake, mama mzima wa watoto wake, na viatu vya kazi, na mkononi alikuwa ameshika bakuli dogo la plastiki. Akaja mpaka pale, akasimama mbele yao, hajui acheke ama akasirike.

— Habari za jioni, wazee. Baba, mama amenituma.

— Amekutuma?

— Sukari. Nimemwambia nitaingia nimtafutie mwenyewe, akanipiga mkono. Amegusa mikebe, akaniambia, huu wa robo mbili hauna kitu, kimbia kwa Zakariye kabla maji yachemke. Nikamwambia mama, mimi nina gari. Akasema, si una miguu?

— Mimi siuzi sukari, Jumla alisema, ameshainuka, lakini nyumbani iko. Ngoja hapa. Usiende!

— Na begi? Antena aliuliza. Hakuweza kujizuia.

Jacklyne aliangalia geti. Kutoka ndani, juu ya ukuta, walisikia mfuniko wa sufuria ukigonga sakafu, na sauti ya Mukami ikiukaripia.

— Begi nimelirudisha kwa gari, tupu, alisema. Wazee, fanyeni haraka, atanigombeza.